Fiziotherapia: Wakati wa Kuitafuta na Namna ya Kujua Kama Inakusaidia

Katika hospitali nyingi za Tanzania, juu ya mlango huandikwa "Idara ya Fiziotherapia", lakini wagonjwa waliokaa kwenye benchi nje ya mlango huo husema tu kwamba wamekuja mazoezini. Jina hilo la mitaani lina ukweli mwingi ndani yake. Mtumiaji anayelipia huduma hii hanunui dawa, wala hanunui mashine. Analipia ujuzi wa mtu aliyesomea namna mwili unavyojongea, ambaye atamchunguza, atamfundisha mazoezi yanayolingana na tatizo lake, na kumrekebisha hadi aweze kuyafanya mwenyewe. Sehemu kubwa ya tiba hufanyika nyumbani, juu ya mkeka au mbele ya ukuta wa chumba, katika saa ambazo mtaalamu hayupo.

Tunaanza na jambo hilo kwa sabababu manung'uniko mengi kuhusu huduma hii huzaliwa hapo. Yupo mgonjwa aliyetarajia kunyooshwa, kuchuliwa na kuwekewa umeme, akapewa karatasi yenye michoro ya mazoezi matatu, akarudi nyumbani akiamini ameibiwa. Yupo na mwingine aliyelipia vipindi ishirini vya kulala chini ya taa ya joto, akafurahia kila kipindi, na mwisho wake mkono haukuinuka zaidi ya pale ulipokuwa siku ya kwanza. Huenda yule wa kwanza alipata huduma bora kuliko alivyojua. Aliyepoteza fedha ni wa pili.

Yafaa pia tutenganishe huduma hii na zile zinazofanana nayo. Mchuaji hulegeza misuli, na wengi hupata nafuu ya muda kwake. Hatuna ugomvi na hilo. Mwalimu wa mazoezi katika jimu huimarisha mwili wenye afya. Mganga wa jadi ana sheria yake, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002. Mtaalamu wa fiziotherapia ni mhudumu wa afya aliyehitimu chuo, kama vile chuo cha KCMC kilichopo Moshi, na anawajibika kitaaluma kwa anachokufanyia. Tofauti yake kubwa na hao wengine ni kwamba anatakiwa kukuchunguza kabla ya kukugusa, na kukurudisha kwa daktari pale anapoona tatizo lako si la mazoezi.

Pale ambapo mazoezi si hatua ya kwanza

Maumivu ya viungo na misuli mara nyingi si hatari, lakini yapo machache yanayojificha ndani yake na ambayo kuyachelewesha ni kupoteza kiungo au uhai. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na kushindwa kuzuia mkojo au choo, mkojo kukataa kutoka, ganzi katika sehemu za siri na mapajani kwa ndani, au miguu yote miwili kulegea, ni dharura ya siku hiyohiyo. Usisubiri Jumatatu, wala usianze kutafuta mtu wa kukunyoosha. Mishipa ya fahamu iliyobanwa chini ya uti wa mgongo haivumilii kungoja.

Maumivu ya mgongo yanayokuamsha usiku, pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na mwili kupungua, yanahitaji vipimo. Kifua kikuu hakikai kifuani peke yake. Hushambulia pia pingili za uti wa mgongo, na mgongo wa namna hiyo ukikandamizwa kwa nguvu huweza kuleta madhara makubwa. Mtu aliyewahi kutibiwa saratani naye aanze kwa daktari. Kadhalika mtu aliyeanguka, hasa mzee, ambaye hawezi kukanyagia mguu wake: apigwe picha kwanza.

Tunasisitiza jambo moja ambalo watu wengi hawalijui. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, hasa baada ya upasuaji, kujifungua au kulala kitandani kwa siku nyingi, usikubali mtu yeyote auchue. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Donge hilo likikatika na kusafiri hadi mapafuni huua. Mwone daktari kwanza, hata kama mchuaji ni jirani mwema na hatozi kitu.

Mgongo na magoti

Hakuna eneo ambalo mtumiaji hupoteza fedha kirahisi kama mgongo. Maumivu ya ghafla ya kiuno, yasiyo na dalili tulizozitaja, kwa watu wengi hupungua yenyewe ndani ya wiki chache, takriban sita. Kinachosaidia katika wiki hizo ni kuendelea kujongea kadiri maumivu yanavyoruhusu. Kulala kitandani siku nyingi hudhoofisha misuli na kurefusha tatizo, ingawa ndugu na jamaa hupenda kumhimiza mgonjwa apumzike.

Halafu huja suala la picha. Mtu hupigwa eksirei au kipimo kikubwa zaidi, akaambiwa kuwa pingili zake "zimesagika" au diski "imehama". Maneno haya hutisha, na mwenye kuyasikia huanza kutembea kama aliyebeba mayai. Ukweli ni kwamba mabadiliko ya namna hiyo huonekana pia katika picha za watu wengi wasio na maumivu yoyote, hasa umri unapoongezeka. Diski nayo haihami kama sahani inayoteleza mezani. Huvimba au hupasuka kidogo kwenye ukingo wake, na mara nyingi sehemu iliyotokeza husinyaa yenyewe kadiri miezi inavyopita. Picha ina maana pale tu inapolingana na kile mtaalamu alichokiona alipokuchunguza.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu, yaani yanayozidi miezi mitatu. Miongoni mwa yanayopendekezwa humo ni elimu kwa mgonjwa na programu ya mazoezi. Miongoni mwa yasiyopendekezwa kutumiwa kama kawaida ni mikanda ya kiuno na kuvutwa uti wa mgongo kwa mashine. Ukiambiwa ununue mkanda wa bei kubwa na wakati huohuo hukufundishwa zoezi hata moja, una haki ya kuuliza kwa nini.

Kuhusu magoti, kauli inayouza sana siku hizi ni kwamba "ute umekwisha". Hufuatiwa na chupa ya vidonge au unga wa kurudisha ute. Goti lililochakaa kwa umri au uzito husaidiwa zaidi na kuimarisha msuli wa mbele wa paja na kupunguza uzito kwa aliyezidi, na mazoezi ya kufanya hivyo ni ya gharama ndogo: kiti imara na nafasi ya kusimama vinatosha kuanzia. Dawa yoyote unayouziwa iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha usajili hastahili fedha zako, hata akiwa amevaa koti jeupe.

Baada ya kiharusi

Hapa ndipo tungependa msomaji asome polepole, kwa kuwa uamuzi wa familia katika siku za kwanza hubadili maisha ya miaka mingi.

Kiharusi hutokea pale mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka. Uso kwenda upande, mkono mmoja kulegea, maneno kuvurugika, yote yakitokea ghafla, maana yake ni hospitali saa hiyohiyo. Wapo watakaosema ni upepo mbaya. Hatutaki kubishana na imani ya mtu. Tunasema tu kwamba saa za mwanzo ni za hospitali, na wazee wa ukoo wanaweza kufanya dua zao mgonjwa akiwa wodini.

Hali ikishatulia, mazoezi huanza mapema, kwa kawaida mgonjwa akiwa bado wodini. Familia nyingi hungoja apate nguvu kwanza ndipo apelekwe mazoezini, na hili ni kosa la nia njema. Mwili usiojongeshwa hukaza. Bega la upande uliopooza huanza kuuma, vidole hujikunja, vidonda vya mgandamizo hutokea kiunoni na visiginoni, na mapafu hushambuliwa kirahisi. Nafuu huja kwa kasi zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo. Baada ya hapo haikomi, ila huenda polepole, kwa hiyo aliyechelewa naye asikate tamaa akabaki nyumbani.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka sitini anayeuguzwa na binti zake. Kila asubuhi wanamkalisha kwa kumvuta mkono uliolegea, kwa sababu ndio ulio upande wao wa kitanda. Baada ya wiki mbili mama analia akiguswa bega. Hakuna aliyemtakia mabaya. Hakuna aliyewaeleza kwamba bega la mkono uliopooza halina misuli ya kulishikilia, na kwamba ashikwe nyuma ya bega na kiunoni, asivutwe mkono. Somo la dakika kumi kutoka kwa mtaalamu lingezuia maumivu hayo. Pamoja na hilo wangefundishwa kumgeuza kila baada ya saa mbili, kuulaza mkono wake juu ya mto, na kukaa naye wakizungumza kutoka upande aliopooza ili asiusahau.

Kwa hiyo, unapoandamana na mgonjwa wa kiharusi kwenye kipindi, usikae nje ukiperuzi simu. Omba uingie, uone, ujaribu mbele ya mtaalamu. Katika ugonjwa huu anayefundishwa ni nyumba nzima. Dawa za shinikizo la damu ziendelee kama daktari alivyoagiza, kwa kuwa mazoezi hayachukui nafasi yake.

Mfupa uliovunjika

Ajali za bodaboda zimewafanya vijana wengi kulijua hogo, yaani plasta ngumu ya kushikilia mfupa. Ukiwa umefungwa, vidole vikibadilika rangi, vikapoa, vikafa ganzi, au maumivu yakazidi badala ya kupungua, rudi hospitali usiku huohuo. Hatari hiyohiyo ipo kwa mabanzi yanayokazwa na mafundi wa jadi wa kuunga mifupa: yakibana mno hukata damu, na wapo waliokatwa kiungo ambacho mfupa wake ungepona.

Kabla ya kuruhusiwa kutoka wodini, uliza swali hili na usiondoke bila jibu: "Mguu huu niukanyagie kwa kiasi gani, na kuanzia lini?" Wako wanaokanyagia mapema mno wakaharibu kazi ya upasuaji, na wako wanaoogopa kukanyagia kwa miezi mingi hadi goti linakaza na paja linakuwa jembamba kama la mtoto. Magongo ya kutembelea yapimwe kwa urefu wako. Sehemu ya juu ibaki chini ya kwapa kwa upana wa vidole viwili au vitatu, na uzito ubebwe na viganja. Anayening'inia kwa kwapa huweza kuumiza mishipa ya fahamu, akaanza kuugua mkono huku anatibiwa mguu.

Hogo likishafunguliwa, ngozi kukauka, kiungo kukaza na misuli kusinyaa ni mambo ya kawaida. Omba rufaa ya mazoezi siku hiyohiyo unapofunguliwa.

Watoto, na jambo ambalo akina mama hulinyamazia

Mtoto asiyeweza kukaa bila kushikiliwa afikapo miezi tisa, au asiyetembea afikapo miezi kumi na minane, apelekwe kliniki akachunguzwe. Huenda hana tatizo lolote. Iwapo ana mtindio wa ubongo, kuanza mapema humsaidia yeye na humsaidia mzazi kujifunza namna ya kumbeba, kumlisha na kumkalisha. Aliyezaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani apelekwe katika wiki za kwanza. Nyayo hizo hurekebishwa kwa kunyooshwa taratibu na kufungwa plasta kila wiki, na viatu maalumu hufuata kwa miaka kadhaa. Wazazi wengi huacha viatu hivyo mguu unapoonekana umenyooka, nao hupinda tena.

Mwanamke anayevujisha mkojo akikohoa, akicheka au akiinua ndoo baada ya kujifungua, ajue kwamba yapo mazoezi ya misuli ya nyonga yanayosaidia sana. Hilo si adhabu ya uzazi ambayo lazima aizoee. Mkojo unaotoka wakati wote bila kukoma baada ya uchungu wa muda mrefu ni jambo jingine, fistula, na hutibiwa hospitali, mara nyingi kwa upasuaji.

Unapolipa

Kipindi cha kwanza kiwe cha maswali na vipimo. Mtaalamu atakuuliza tatizo lilianza lini, unafanya kazi gani, unalala vipi, unatumia dawa gani. Atakuangalia ukitembea, ukiinama, ukiinua mkono. Ukilazwa kitandani na kuwekewa mashine ndani ya dakika tano za kwanza bila kuulizwa kitu, hiyo ni dalili mbaya. Uliza anadhani tatizo ni nini, utafanya nini nyumbani, na baada ya vipindi vingapi mtakaa kutathmini maendeleo. Mtaalamu mzuri hapati shida kujibu. Mara nyingi hufurahi kuulizwa.

Uwe na kipimo chako pia. Kaa kwenye kiti, kunja mikono kifuani, hesabu ni mara ngapi unaweza kusimama na kukaa ndani ya nusu dakika. Kwa bega, simama kando ya ukuta, weka alama ya kalamu pale vidole vinapofika. Andika tarehe. Baada ya wiki tatu au nne rudia. Namba hiyo itakuambia zaidi kuliko hisia ya siku, ambayo hupanda na kushuka. Kama hakuna kilichobadilika baada ya vipindi vitano au sita, na ulikuwa unafanya mazoezi nyumbani kwa uaminifu, mpango ubadilishwe au urudi kwa daktari. Uaminifu huo, tukiri, ndipo wengi wetu tunapoanguka.

Uchovu wa misuli wa siku moja au mbili baada ya mazoezi mapya hauna ubaya. Maumivu makali yanayochoma, kiungo kuvimba, au hali kuwa mbaya zaidi kila asubuhi, vinatakiwa kuripotiwa kabla ya kipindi kinachofuata.

Tahadhari na malipo ya mkupuo. Ofa ya "lipia vipindi thelathini upate vitano bure" huonekana nafuu, lakini siku ya kwanza hakuna anayejua kama utahitaji vitano au hamsini, na fedha iliyokwisha kulipwa hukufanya uendelee na kitu kisichokusaidia. Lipa kwa kipindi, au kwa vichache. Dai risiti kila mara. Anayetumia bima aulize mapema kama kifurushi chake kinagharimia huduma hii, kama barua ya rufaa inahitajika, na vipindi vingapi vimeidhinishwa. Ni heri kuyajua hayo dirishani kabla ya huduma kuliko baada yake.

Una haki ya kuona usajili wa kituo na wa anayekuhudumia. Una haki ya kuelezwa kila atakachokufanyia kabla hajakigusa kiungo chako, ya kukataa, ya kuwa na ndugu chumbani, na ya kuomba mhudumu wa jinsia yako pale anapopatikana. Tangazo linaloahidi kuponya kupooza kwa siku saba, au kurejesha pingili "zilizosagika" kwa kipindi kimoja, lihifadhi: piga picha, andika tarehe na mahali ulipoliona. Matangazo ya kupotosha yamekatazwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko yake.

Malalamiko kuhusu huduma yenyewe yaanzie kwa uongozi wa kituo, kwa maandishi. Yasipopata jibu, yapeleke kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Ambatisha nakala za risiti, karatasi ya mazoezi uliyopewa, na vile vipimo vyako vya ukutani vikiwa na tarehe zake. Nakala halisi zibaki kwako.